Aliyesimamisha gemu ni adhana: kisa cha Nahodha wa Mikindani

Hili jambo la dada yetu aliyebebwa na kufungwa kweli kwenye gemu la maigizo limeongelewa sana hapa Mtwara mjini kwa vipande vipande, Shangani wana kipande chao, Chikongola wana chao, na wengi wanaoongea hata hawakufika. Mimi nilikuwepo, nilikuwa upande wa sokoni nauza korosho na chumvi humohumo kwenye gemu, na baadae nikakaa kikao chote mwanzo mpaka mwisho, kwahiyo naliandika lote kama lilivyokuwa. Mwenye kisa kanipa ruhusa kwa sharti nisimtaje jina. Nitamwita Nahodha maana ndo alikuwa Nahodha, yule kaka aliyembeba nitamwita Mkuu wa Msafara, na aliyeandaa gemu nitamwita Mwandaaji.

Gemu lenyewe

Lapu, kwa ambae hajawahi kuisikia, ni maigizo yasiyo na jukwaa wala watazamaji. Kila aliyefika ni mhusika, kavaa nguo za mhusika wake, anaongea, anakula, anagombana kama mhusika wake kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, na hakuna aliyeandikiwa maneno ya kusema. Unapewa jina, kazi, shida yako na siri moja au mbili, afu yanayotokea yanatokea. Marekani walikuwa wanapigana kwa panga za sponji maporini tangu miaka ya 70, Uingereza walianza 1982 kwenye kasri la Peckforton kule Cheshire, na nchi za Nordiki wao wameifanya sanaa kabisa, wana mkutano wao wa kila mwaka ulioanza Oslo 1997 na unazunguka Norwei, Uswidi, Denmaki na Ufini. Kwetu imeletwa na kaka mmoja aliyesoma Ujerumani, kule wakati wa kiangazi wanajaa maelfu ya watu kwenye uwanja mmoja na mahema yao, akarudi na picha kwenye simu na hamu yake, wenzake wakaipenda.

Ambacho nakisifia mpaka leo ni kwamba hawakuleta mazimwi na makasri ya Ulaya. Walichukua Mikindani. Mji wa pwani, miaka ya 1880 hivi, kabla Mjerumani hajajenga boma lake pale juu 1895, majahazi yanasubiri upepo, msafara umefika kutoka Nyasa na pembe za ndovu, liwali anataka ushuru wake, mganga ana habari za kila nyumba. Wakaomba shamba la minazi la mjomba wa mmoja wao nje kidogo ya Mikindani. Jahazi lilikuwa miti iliyosimikwa chini na kamba zikazungushwa kwa umbo la jahazi, pembe za ndovu ni mabomba ya maji yaliyopindwa motoni yakavishwa nguo nyeupe, boma la liwali ni kibanda cha makuti. Entri 15,000 na chakula humohumo, ming'oko, pweza wa nazi, ugali wa muhogo.

Na kuna kitu lazima nikiseme mapema maana kinaingia kwenye kisa. Huku mpakani huwezi kukusanya vijana shambani na vitu vyenye umbo la panga afu ukakaa kimya. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na wapiganaji waliovuka Ruvuma, watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na tangu hapo mtu wa Mtwara akiona vijana wanafanya mazoezi porini anatoa taarifa, na yuko sahihi kabisa. Kwahiyo Mwandaaji alianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akaenda polisi na barua na panga moja la sponji mkononi, wakalibonyezabonyeza, wakauliza maswali, ruhusa ikatoka kwa maandishi. Hilo alilifanya vizuri na sitaki lipotee kwenye lawama zinazokuja.

Nahodha

Ana miaka 27, anauza duka la dawa, anaishi na bibi yake Chikongola. Aliingia kwenye lapu kama dada zetu wengi walivyoingia, yaani kwa mlango wa cherehani na jikoni, maana mwanzoni wanawake ndo tulishona vizibao na vilemba vya watu wote, tukachemsha ming'oko, afu tukapewa wahusika waliobaki: mke wa liwali, mpishi, mwimbaji, mateka. Gemu la kwanza alikuwa mke wa pili wa liwali, alikaa kwenye mkeka siku nzima na hakuna aliyemwendea na jambo lolote la maana.

La pili akasema anataka kuwa nahodha. Wakamwambia historia haina nahodha mwanamke. Akawajibu bila kupandisha sauti kwamba historia ya kusini anaijua, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo unahesabiwa kwa mama, na Ungoni walikuwa na nduna mwanamke, Mkomanile, Wajerumani wakamnyonga 1906 kwa ajili ya Majimaji, kwahiyo mwanamke mwenye amri huku ni kitu cha siku nyingi. Wakampa.

Na alijiandaa jamani. Jioni akifunga duka alikuwa anashuka Mikindani ufukweni anakaa na wazee wenye vyombo, akajua foromali ni ipi na mkuku ni upi, akajua kaskazi inaanza lini na kusi inakufanyaje ukiwa unatoka Kilwa kurudi huku. Panga lake alilitengeneza mwenyewe, bomba la plastiki la nusu inchi, sponji ya godoro pande zote, nailoni tepu nyeusi imezungushwa mpaka ikawa laini, na ncha akaiachia sponji nene isimtoe mtu jicho. Kizibao chake chekundu kilikuwa na kifungo kimoja cha shaba alichopewa na bibi yake.

Siku ya gemu mabaharia wake walikuwa wanaume wazima, akiita wanamwitikia "Ewallah Nahodha", na aliwapeleka. Aliniambia dukani anaongea chinichini siku nzima, "karibu, cheti unacho, hii kunywa baada ya kula," mpaka anasahau ana sauti kubwa kiasi gani, na pale shambani aliita mara moja tu ikafika mpaka barabarani. Nimeweka hili kwa urefu kwa sababu watu wakisimulia kisa wanaanzia kwenye kubebwa, kama vile kabla ya hapo hakukuwa na mtu. Alikuwepo, na alikuwa mmoja wa wachezaji bora tulionao.

Jumamosi jioni

Asubuhi Mwandaaji alitukusanya chini ya mwembe akasoma sheria. Panga halipigwi kichwani wala shingoni. Mtu akisema "Simama" wote mnasimama mnaangalia kuna nini. Adhana ikilia gemu linakaa pembeni, wanaokwenda kuswali waende, wakirudi tunaendelea tulipoachia. Mateka anamfuata aliyemteka. Hapo pa mateka ilikuwa sentensi hiyo moja tu na hakuna aliyeuliza, watu walikuwa wanafungana vilemba.

Ambacho Nahodha hakujua ni kwamba Mkuu wa Msafara alikuwa na karatasi yake ya siri kutoka kwa Mwandaaji: amkamate nahodha kabla jua halijazama, ampeleke kwa liwali akauzwe.

Jua lilipoanza kushuka msafara ukatoka mbio upande wa mihogo, ngoma, vigelegele, panga za sponji zinapiga puu puu, mabaharia wakapigana wakaangushwa mmoja mmoja mpaka akabaki yeye kwenye jahazi. Wapagazi wawili wakamshika mikono, na Mkuu wa Msafara, ambae ni mtu wa mwili, akamkamata kiunoni akamtupa begani kichwa chini akaanza kwenda nae. Hapo Nahodha akasema simama. Akarudia kwa nguvu. Sasa shamba zima lilikuwa linapiga kelele za simama, walinzi wa liwali wanawaambia wanaokimbia simama hapo, mabaharia waliolala chini wanawaambia wenzao simama upigane, kule sokoni tulikuwa tunazisikia simama kumi kwa mpigo na zote zinafanana.

Akaliacha hilo neno. Akamwambia kwa sauti yake ya dukani, "Kaka nishushe, naumia, siko kwenye gemu." Hili analisema yeye, na mmoja wa wale wapagazi wawili alikiri kikaoni kwamba alilisikia. Jibu alilopewa ni "Mateka hapangi." Mtandio ulidondokea kwenye mihogo. Kufika kwenye kibanda akafungwa mikono kwa kamba ya katani, kamba ya kweli na fundo la kweli, na wakati wanamsubiri liwali mkono wa yule kaka ulikaa kwenye paja la Nahodha na haukukaa kwa bahati mbaya. Hapo siongezi neno, yeye hakutaka niongeze.

Halafu adhana ya magharibi ikaanza kutokea Mikindani. Shamba zima likanyamaza palepale, panga zikashushwa, watu wakafungua vilemba wakatafuta maji ya udhu, Mkuu wa Msafara nae akatoka kibandani akaenda na wenzake. Dada aliyekuwa mpishi ndo akaingia kumfungua, fundo likamshinda akalikata kwa kisu cha vitunguu. Watu zaidi ya thelathini waliweza kusimama ndani ya nusu dakika, hilo ndo naliona gumu kulimeza, uwezo wa kusimama ulikuwepo na sheria ya kusimama ilikuwepo na yeye aliita, ila kilichotii ni adhana tu.

Nahodha alivua kizibao akakikunja akakiacha kwenye meza yangu, akaniomba namba ya boda, akaondoka. Gemu liliendelea baada ya swala, liwali akaambiwa mateka katoroka.

Maneno yaliyofuata

Mwandaaji alimpigia usiku uleule. "Dada angu pole sana, jamaa aliingia mno kwenye mhusika, tusilikuze." Mkuu wa Msafara akatuma ujumbe wa sauti mrefu, kwamba anamheshimu kama dada yake, kwamba yule alikuwa mhusika na yeye binafsi hana hisia yoyote nae, na kwamba kama kaumia kidogo basi pole. Wakaja na wengine, tena baharia wake mmoja, kwamba wewe ndo ulitaka kuwa nahodha, nahodha si anatekwa.

Lililoniuma kuliko yote ni hili: akaambiwa asije akathubutu kwenda kituoni, maana watasema tunafundisha vijana mambo ya Kitaya, tutafungwa wote na barua yetu haitatusaidia. Yaani msiba wa watu, watu waliochomewa nyumba, unageuzwa kuwa kizibo cha kumziba dada mmoja mdomo. Na sio kweli pia. Ruhusa ilikuwepo kwa maandishi, na mwanamke aliyeshikwa bila ridhaa yake haendi kuripoti gemu, anakwenda Dawati la Jinsia na Watoto anaripoti mtu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ipo tangu 1998 na haina kifungu kinachosema ukivaa kilemba mikono yako haihesabiwi. Mwisho wa siku hakwenda, uamuzi ulikuwa wake na mimi nauheshimu, lakini uamuzi unaofanya baada ya kutishwa hauwi wako wote.

Bibi yake aliona alama za kamba akamuuliza, "Mjukuu wangu, nani kakufunga?" Akaelezwa kila kitu, lapu, jahazi, liwali. Bibi akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na wenzio walikuwa wapi?" Nahodha anasema hilo swali ndo lilimfanya atake kikao, kabla ya hapo alikuwa anataka tu kuacha kimyakimya.

Maana wiki ile hakuwa sawa. Alikuwa anajilaumu kwamba kawaharibia watu gemu, na wakati huohuo mteja wa kiume akiinama juu ya kaunta anarudi nyuma. Wachezaji wa nje wanalijua jambo linalofanana na hili, Emily Care Boss, mbunifu wa michezo wa Marekani, ndo alilipa jina 2007, kwamba hisia za mhusika zinavuja zinamwingia mchezaji na za mchezaji zinamwingia mhusika, unaweza kumaliza gemu ukabaki na hasira ya mtu ambae hayupo. Kwenye kikao kuna aliyeleta hoja hiyo, kwamba dada kavujiwa tu, zitapita. Hapana. Kuvujiwa ni pale uoga wa kuigiza unapokufuata nyumbani. Yeye uoga wake haukuwa wa kuigiza tangu mwanzo, alibebwa kweli, akafungwa kweli, akashikwa kweli.

Kikao

Tulikaa Shangani jioni ya Jumapili, na shangazi wa mmoja wetu, mama wa ustawi wa jamii, akaombwa aje kwa sababu hana upande. Wote tunamwita Shangazi.

Mkuu wa Msafara alianza yeye. Akasema, "Shangazi, mimi kama mimi sikufanya kitu, ule ulikuwa uhusika, na karatasi niliandikiwa." Nahodha akamjibu bila kumwangalia Shangazi, alimwangalia yeye, "Mkuu wa Msafara hanijui. Wewe unanijua. Dawa ya presha ya mama yako unanunua kwangu." Pakawa kimya, na mimi naona pale ndo hoja ya mhusika iliishia ingawa waliendelea kuizungusha kwa muda mrefu.

Kijana mmoja akaleta midimu. Kwamba kwetu hata kimila mwenye kinyago anakimbiza wanawake, anatisha, na hakuna anaemuuliza, kwahiyo jambo lenyewe ni utamaduni. Hoja hii nataka kukaa nayo kidogo kwa sababu ina mvuto na nimeisikia tena mtaani. Aliyeijibu ni kaka mmoja wa Newala ambae kwao wanacheza midimu hasa. Akasema mdimu akitoka hatoki peke yake, kuna watu wanatembea nae wanamtazama yeye na wanawatazama watu, akimsogelea mtoto sana wanamrudisha, na wanaokimbizwa wanajua wanakimbizwa, wanakimbia wanacheka wanarudi tena. "Kwetu mdimu akimbeba mtu akamfunga kamba, hiyo ngoma inaishia hapo na wazee wanakaa." Kwahiyo kama tunataka kwenda kimila, kimila ndo kulikuwa na uangalizi zaidi yetu, sisi tulichukua kinyago tukawaacha wale watu wanaotembea nacho.

Na Shangazi akaanzia hapohapo. Akauliza swali ambalo kwangu ndo uchambuzi wote wa kisa hiki: "Nani alikuwa na kazi ya kusikia?"

Tukatazamana. Kulikuwa na mtu wa chakula, mtu wa panga, mtu wa maji, mtu wa kupiga filimbi ya kuanza. Mwandaaji mwenyewe alikuwa anaigiza liwali, yuko ndani ya hadithi na kilemba chake anasubiri aletewe mateka. Tulikuwa na sheria inayompa kila mtu kazi ya kuita na haimpi mtu yeyote kazi ya kusikia. Ukishaona hapo mengine yote yanajipanga. Neno lenyewe la kusimamisha lilikuwa linatumika ndani ya mapigano, sawa, hilo ni kosa la kupanga na linarekebishika kwa dakika moja. Lakini hata lingekuwa neno la pekee, nani angeacha kupigana akageuka? Yule mpagazi aliyemsikia anasema "siko kwenye gemu" alisema kikaoni hakujua kama ana mamlaka ya kumwambia Mkuu wa Msafara amshushe. Mamlaka. Kwa sababu kwenye hadithi yule ni bosi wake, na nje ya hadithi yule kaka ndo alinunua sponji ya panga zote na ndo rafiki wa Mwandaaji tangu sekondari, kwahiyo ukimkatiza unamkatiza mwenye gemu. Hili la hela watu hawakupenda liguswe. Mimi nililigusa. Mtu akishatoa hela ya vifaa anaanza kutembea kama mwenye shamba, na wengine tunaanza kumpisha bila kuambiwa.

Kuna jambo la karatasi pia, na hapa Mwandaaji ndo alibanwa zaidi, na haki yake kubanwa. Huwezi kuichukua Mikindani ya miaka ya 1880 ukaichezea bila kukutana na utumwa, njia ya kutoka Nyasa ilileta pembe na ilileta watu kwenye minyororo, wazee wa Newala na Tandahimba bado wanasimulia jinsi watu walivyopanda uwanda wa juu kukimbia watekaji. Hiyo ni historia ya mababu wa watu waliokuwa wamekaa pale kikaoni. Mimi sisemi isichezwe. Nasema mwanamke akiandikiwa kutekwa na kuuzwa, aulizwe kabla. Mwandaaji alijitetea kwamba akiulizwa utamu wa kushtukiza unaisha. Nahodha akamwambia angeulizwa angekubali. Angesema nitekeni, nileteni kwa liwali, nina maneno ya kumwambia liwali mbele ya watu, ila msinibebe na msinifunge. Alikuwa hata na hotuba. Kwahiyo kwa kutomuuliza walipoteza na onyesho zuri.

Na kwamba lapu bila kukamatana kweli itakuwa baridi, hiyo sio kweli na imeshathibitishwa zamani. Uswidi, mbunifu Emma Wieslander alikuja na namna ya kuigiza mapenzi kwa kugusana mikono tu, watu wazima wanatazamana wanagusana viganja na mikono na kila mtu pale anajua hadithi imefika wapi. Sasa kama mapenzi yanaigizika hivyo, kumteka mtu kunashindikana nini.

Kilichobadilika

Neno la kusimamisha sasa ni "Nyekundu", halimo kwenye hadithi yoyote ya pwani ya zamani, na "Njano" maana yake punguza, niko sawa ila usizidishe. Kuteka ni mkono begani na kusema "umetekwa", kamba anaishika mateka mwenyewe kiganjani, akiiachia yuko huru na hakuna maswali. Kuna alama ya mkono tumeichukua kwa wenzetu wa nje, unamwonyesha mtu duara la kidole gumba na cha shahada, akijibu gumba juu mnaendelea, gumba likilala au kushuka unamtoa kwenye hadithi unakaa nae pembeni, na haivunji gemu la wengine. Karatasi za siri zinazohusu kutekwa, kupigwa au mapenzi anaonyeshwa mtu anaefanyiwa kabla ya siku. Mwandaaji haigizi tena gemu analoliandaa. Na kazi ya kusikia imepewa watu wawili, mmoja mwanamke, wana filimbi shingoni na hawana mhusika wowote, wanatembea tu wanatazama na kusikiliza, na wana amri juu ya liwali, msafara, Mwandaaji na mwenye sponji.

Jikoni na cherehani tumeweka zamu kwa wote. Hili lilipita kwa taabu kuliko hata la filimbi, kuna kaka alisema hayahusiani. Yanahusiana sana. Mtu aliyezoea kukuona umeshika mwiko wake hashtuki akikuona umefungwa mikono.

Mkuu wa Msafara amesimamishwa kiangazi chote na akitaka kurudi ataomba kwa kikao na Nahodha ana kura ya kukataa. Aliondoka na marafiki zake kadhaa na nusu ya panga, kwahiyo mapigano ya gemu lijalo yatakuwa madogo, tumehamishia uzito kwenye baraza la liwali na kesi ya ushuru, na watu wameanza tena kukata sponji. Nahodha atarudi, ila safari hii kaomba kuwa mmoja wa wale wawili wa filimbi, na kizibao kiko kwangu bado, kasema gemu la baadae ndo atakiomba.

Nisilokubaliana nalo ni adhabu. Kikao kilihesabu kosa la Mkuu wa Msafara pamoja na kasoro za sheria, kwamba kwa vile sheria zilikuwa mbovu lawama zigawanywe. Kubeba mtu begani wakati sheria haiko wazi, sawa, nagawana. Lakini aliambiwa kwa Kiswahili cha kawaida "nishushe, siko kwenye gemu" akajibu "mateka hapangi", na ule mkono kibandani haukuhitaji sheria yoyote ya lapu kuuzuia. Kwa hayo mawili nilitaka afukuzwe kabisa, nilipiga kura hivyo, tukashindwa, na ombi lake likija nitapiga kura hivyohivyo.